Sayyid Said na Tunu za Maskati

Sisi watu wa Mvita tuna kisa na Sayyid Said bin Sultan, kwani ndiye aliyeuangusha utawala wa Mazrui mwaka 1837. Lakini wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Leo nataka kumpa haki yake katika jambo moja: namna alivyosuhubiana na Waingereza.

Alizaliwa Oman mwaka 1791, akatawala Maskati tangu 1806, angali kijana. Babake alikuwa amekwisha kufanya mkataba na Waingereza mwaka 1798. Mwana akaurithi urafiki huo pamoja na maadui: majeshi ya Najdi upande wa bara, na Waqasimi wa Ras al-Khaimah baharini. Waingereza walipowapiga Waqasimi mwaka 1809 na 1819, yeye alikuwa pamoja nao.

Mkono wake ulikuwa wazi. Mwaka 1836 alimtunukia Mfalme William wa Nne manowari Liverpool, iliyoundwa Bombay, yenye mizinga zaidi ya 70. Mwaka 1838 akamtuma Ali bin Nasir kwenda London kwa Malkia Victoria. Mwaka 1854 akampa Malkia visiwa vya Kuria Muria, asitake malipo.

Lakini huku akitoa, huku akifungwa. Mkataba wa 1822 ulimkataza kuuza watumwa kwa Wakristo. Wa 1845 ukakataza kuwavusha kutoka Afrika kwenda Arabuni. Hapo sisemi alidhulumiwa. Waliodhulumiwa ni wale waliotiwa minyororo, na hazina yake ilikula ushuru wa biashara ile. Hata hivyo, mtu akiamrishwa haki na rafiki mwenye nguvu, bado ameamrishwa.

Alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akitoka Maskati kuja Unguja, ndani ya meli iliyoitwa Victoria. Wanawe wakagombania dola, na mwamuzi akawa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa Bara Hindi. Mwaka 1861 akaitenga Unguja na Oman, na kuiamuru Unguja iilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka.

Kuria Muria ilirudi Oman mwaka 1967. Dola haikurudi tena kuwa moja. Kwa maoni yangu, Sayyid Said hakughilibiwa: aliujua uzito wa rafiki yake, akanunua miaka hamsini ya kutawala. Deni wakalipa wanawe. Mola amrehemu.