MAISHA YA IMAMU SHAFII, MWANACHUONI MSAFIRI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Wengi katika watu wa mwambao huu wakiulizwa madhehebu yao hujibu kuwa wao ni Mashafii. Jina hilo wamelirithi kwa baba na babu, nao hulitaja kama mtu atajavyo ukoo wake. Lakini wakiulizwa huyo Shafii alikuwa nani, alizaliwa wapi, alisoma kwa nani na aliandika nini, ni wachache wawezao kujibu. Na kwa kutojua huko wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja huishika kauli ya Imamu kama kwamba haifai kuangaliwa dalili yake, na kundi la pili huona kufuata madhehebu ni ujinga mtupu. Lau makundi haya mawili yangeyasoma maisha yake, yangeona kuwa Imamu mwenyewe hakuwa pamoja na hawa wala pamoja na wale.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Jina lake ni Muhammad bin Idris, naye ni Mkureshi wa ukoo wa Muttalib, na nasaba yake hukutana na nasaba ya Mtume, rehema na amani zimfikie, kwa babu yao Abdi Manaf. Alizaliwa Ghazza, katika nchi ya Shamu, mwaka wa 150 wa Hijra (767), na mwaka huo huo ndio aliokufa Imamu Abu Hanifa. Baba yake alikufa yeye akali mchanga. Mama yake akaogopa mtoto asije akapotelewa na nasaba yake mbali na jamaa zake, akamchukua akenda naye Makka naye ana umri wa miaka kama miwili.

Mama huyo hakuwa na mali. Alipompeleka mwanawe chuoni hakuwa na cha kumpa mwalimu. Lakini kijana alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, hata ikawa mwalimu akiondoka yeye huwasomesha watoto wenziwe, na mwalimu akaridhika kuwa hiyo ndiyo ada yake. Imepokewa kuwa alihitimu Kurani kwa moyo naye ni wa miaka saba. Baadaye alipoanza kukaa katika darasa za wanavyuoni hakuweza kununua karatasi, akawa akiandika juu ya mifupa, na akenda katika diwani ya serikali akiomba karatasi zilizokwisha andikwa upande mmoja, apate kuandika upande wa pili. Basi mzazi aonaye ufukara ni udhuru wa kumtoa mtoto chuoni na amwangalie mama wa Shafii.

Kisha akatoka akenda jangwani kwa kabila ya Hudhail, waliokuwa wafasaha mno katika Waarabu, akakaa nao akijifunza lugha na mashairi yao na kutupa mishale. Ufasaha huo ulimfaa baadaye, kwani mwenye kutaka kufahamu Kurani na Sunna hana budi na Kiarabu. Hata Al-Asmai, bingwa wa lugha, alisahihisha mashairi ya Hudhail mbele yake. Aliporejea Makka alisoma fiqhi kwa Muslim bin Khalid Az-Zanji, Mufti wa Makka, na hadithi kwa Sufyan bin Uyaina. Imepokewa kuwa huyo Mufti alimpa ruhusa ya kutoa fatwa naye ni kijana wa miaka kama kumi na mitano.

SAFARI YA MADINA

Mtu mwingine angalipewa ruhusa hiyo katika umri huo angalitosheka, akatandika msala wake akaketi. Shafii hakutosheka. Alisikia khabari za Imamu Malik bin Anas wa Madina na kitabu chake Al-Muwatta. Akakitafuta kitabu hicho, akakihifadhi chote kwa moyo kabla ya kutoka Makka, kisha ndipo akafunga safari. Alipofika mbele ya Malik akamsomea Al-Muwatta kwa moyo, na Malik akapendezewa na usomaji wake na ufasaha wake. Akabaki kuwa mwanafunzi wa Malik hata shekhe huyo alipofariki mwaka wa 179 (795).

YEMENI NA MTIHANI ULIOMPATA

Baada ya kufa Malik, haja ya maisha ilimpeleka Yemeni, akapewa kazi ya serikali huko Najran. Alikuwa mtu wa haki asiyekubali kupendelea, na mwenye tabia hiyo katika kazi ya serikali hakosi maadui. Mwaka wa 184 (800) akasingiziwa kuwa yu pamoja na Maalawi waliotaka kumwasi Khalifa. Akakamatwa pamoja na watu wengine, wakapelekwa safari ndefu hata Raqqa, mbele ya Khalifa Harun Ar-Rashid.

Huo ulikuwa mlango wa mauti, na imepokewa kuwa wenziwe walipigwa shingo. Shafii alijitetea kwa hoja na kwa adabu. Na katika majlisi hiyo alikuwapo Kadhi Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaibani, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, naye alimsemea kheri kwa Khalifa. Basi Mwenyezi Mungu akamwokoa.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Shafii alikuwa mwanafunzi wa Malik, mtu wa Hijazi, na Muhammad bin Al-Hasan alikuwa nguzo ya watu wa Iraki, na baina ya makundi hayo mawili palikuwa na mabishano makubwa. Watu wa Hijazi walikuwa wakishika sana hadithi na amali ya Madina, na watu wa Iraki walikuwa mahodari wa rai na kiasi. Shafii hakusema kuwa hawa si watu wake. Alikaa kwa Muhammad bin Al-Hasan, akavisoma vitabu vyake, akavinakili, hata alipoondoka alikuwa na mzigo wa ngamia wa ilimu aliyoisikia kwake. Alipoona la kumpinga alimpinga, na alipoona la kumshukuru alimshukuru. Muhammad bin Al-Hasan alifariki mwaka wa 189 (805), na Shafii hakuacha kumtaja kwa wema.

KUSOMESHA MAKKA NA BAGHDAD

Akarejea Makka, akaketi katika Msikiti Mtukufu akisomesha. Sasa alikuwa na ilimu ya Hijazi na ilimu ya Iraki, akaona kuwa mabishano ya wanavyuoni hayatakwisha mpaka pawekwe kanuni za kupimia hoja. Abdurrahman bin Mahdi, mwanachuoni mkubwa wa hadithi, alimtaka amwandikie kitabu cha kubainisha maana ya Kurani, na khabari za kukubaliwa, na hoja ya ijmai, na yaliyofuta na yaliyofutwa. Shafii akamwandikia kitabu kilichokuja kuitwa Ar-Risala. Hicho ndicho kitabu cha kale kabisa kilichofika mikononi mwa watu katika ilimu ya Usuli wa fiqhi. Ndani yake alieleza namna Sunna inavyoifasiri Kurani, na masharti ya kuikubali hadithi ya mtu mmoja, na mipaka ya kiasi.

Mwaka wa 195 (810) akenda Baghdad, akakaa miaka miwili. Huko walimfuata Ahmad bin Hanbal na Abu Thaur na Al-Karabisi na Az-Zaafarani, na hao ndio waliopokea kauli zake za Iraki, zinazoitwa kauli za kale. Ahmad bin Hanbal alikuwa na shani yake mwenyewe katika hadithi, lakini imepokewa kuwa alionekana akitembea kando ya nyumbu wa Shafii apate kumsikiliza, akalaumiwa kwa jambo hilo asijali lawama. Na imepokewa kwamba kwa miaka mingi hakuacha kumwombea Shafii katika sala zake.

Katika miaka hiyo pakatokea vita baina ya Al-Amin na Al-Maamun, wana wa Harun, na Baghdad ikahusuriwa hata Al-Amin akauawa mwaka wa 198 (813). Shafii aliyekuwa amerudi Makka alikwenda tena Baghdad, lakini hakukaa ila miezi michache. Akaelekea Misri.

MISRI NA KAULI MPYA

Alifika Misri yapata mwaka wa 199 (814), umri wake unakaribia miaka hamsini. Jina lake lilikuwa limekwisha enea, na vitabu vyake vilikuwa mikononi mwa watu. Alisomesha katika msikiti wa Amr bin Al-As, hapo Fustat. Wanafunzi wake wakubwa huko walikuwa Al-Buwaiti, na Al-Muzani, na Ar-Rabii bin Sulaiman Al-Muradi.

Na hapa ndipo lilipotokea jambo lililo kubwa kuliko safari zake zote. Alipozisikia hadithi ambazo hakuwa amezisikia, na akazipima upya hoja zake, hakuona haya kuirejea kazi yake mwenyewe. Akaiandika Ar-Risala mara ya pili, na hiyo ndiyo iliyobaki. Akavirejea vitabu vyake vya fiqhi, masala kwa masala, akathubutisha aliyoyaona kuwa na nguvu na akayaacha aliyoyaona kuwa dhaifu. Hayo ndiyo yaliyokusanywa katika Al-Umm, kitabu kilichopokewa na Ar-Rabii. Kauli hizo huitwa kauli mpya, nazo ndizo zinazotegemewa katika madhehebu, isipokuwa masala machache.

Na masala machache hayo yana funzo lake. Katika kauli mpya wakati wa Magharibi ni mfupi, kadiri ya kutawadha na kujisitiri na kuadhini na kukimu na kusali rakaa tano. Katika kauli ya kale wakati huo huendelea mpaka mawingu mekundu yapotee. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 (1277), aliipa nguvu kauli ya kale katika Minhaj, kwa kuwa hadithi sahihi imesimama upande wake. Vivyo hivyo yale maneno yanayozidishwa katika adhana ya Alfajiri kuwaamsha waliolala: katika kauli mpya Imamu aliyachukia, kwa kuwa hakuyapata katika mapokezi ya Abu Mahdhura, na katika kauli ya kale aliyapenda. Wanavyuoni waliomfuata waliyaona yamethubutu, wakatoa fatwa kwa kauli ya kale. Kila amkaye kwa adhana hiyo katika miji ya Mashafii huamka kwa masala ambayo wafuasi wa Imamu waliiacha kauli yake ya mwisho.

Je, kwa kufanya hivyo walimwasi? Hasha. Yeye mwenyewe aliwausia kuwa hadithi ikisihi basi hiyo ndiyo madhehebu yake. Lakini wausiwa hao hawakuwa watu waliosoma kitabu kimoja jana wakasimama leo kuwasahihisha Maimamu. Walikuwa watu waliokesha juu ya ilimu miaka mingi, wakijua lipi limefutwa na lipi limehusishwa. Asiyefika daraja hiyo salama yake ni kuwafuata waliofika, na aliyefika hana ruhusa ya kuifumbia macho dalili.

TABIA ZAKE NA KUFA KWAKE

Aliugawanya usiku mafungu matatu: fungu la kuandika, fungu la kusali na fungu la kulala. Alikuwa karimu, fedha haikai mkononi mwake. Akijadiliana na mtu, hamu yake ilikuwa haki idhihiri, hata ikiwa itatoka katika ulimi wa yule anayejadiliana naye. Mara moja alihitilafiana na Yunus As-Sadafi katika masala, wakaachana bila ya kuafikiana. Walipokutana tena, Imamu alimshika mkono akambainishia kuwa kuhitilafiana katika masala hakuwazuii kuwa ndugu.

Miaka yake ya Misri aliipitisha katika maradhi ya bawasiri yaliyomtoa damu nyingi, naye hakuacha kusomesha wala kuandika. Akafariki mwisho wa Rajabu mwaka wa 204 (Januari 820), umri wake miaka 54, akazikwa Qarafa. Salahuddin Al-Ayyubi alijenga madrasa karibu na kaburi lake, na Sultani Al-Kamil akajenga kuba juu yake mwaka wa 608 (1211). Mwanafunzi wake Al-Buwaiti alifia gerezani Baghdad mwaka wa 231, kwa kukataa kusema kuwa Kurani ni kiumbe. Al-Muzani alibaki akafupisha ilimu ya shekhe wake katika Mukhtasar, na Ar-Rabii akawa kila mwenye kutaka vitabu vya Imamu humwendea yeye.

MADHEHEBU YAKE KATIKA MWAMBAO

Kutoka Misri na Hijazi na Yemeni ilimu hiyo ilipanda vyombo ikavuka bahari. Ibn Battuta, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Mmaliki, alipofika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331 alikuta watu wake ni Mashafii. Na baada yake wanavyuoni wa Hadhramaut na wa mwambao wenyewe waliisomesha Minhaj na vitabu vidogo vidogo barazani na misikitini, kizazi baada ya kizazi.

Basi urithi wa Imamu Shafii si jina tu. Ni mtoto wa mjane aliyeandika juu ya mifupa. Ni kijana aliyepewa fatwa akachagua kubaki mwanafunzi. Ni mtu aliyeponea chupuchupu upanga wa Khalifa kisha akakaa kusoma kwa aliyekuwa hasimu wa shekhe wake. Ni mzee mwenye sifa iliyoenea, akachukua kalamu akaisahihisha kazi yake mwenyewe. Mwenye kugombana msikitini kwa ajili ya jina lake, na mwenye kumdharau asijue ilimu yake, wote wawili hawajamjua.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Shafii na Maimamu wote, awalipe kheri kwa waliyouachia umma huu, na awajaalie Waislamu kuipenda haki kwa yeyote itokako. Amin.

Wallahu aalam.