Matt Talbot: Mlevi Aliyebisha Hodi Seminari



Ndugu msomaji, hapa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, pombe haitafutwi mbali. Kimpumu na komoni hunyweka vilabuni, na gongo huuzwa kwa kificho. Serikali ilipopiga marufuku viroba mwezi Machi 2017, wengi tulishukuru, lakini walevi wetu tunao bado. Tunawacheka, tunawakemea, kisha tunawakatia tamaa. Ndiyo maana leo tunasimulia maisha ya Matt Talbot.

Matt alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya watoto 12 wa familia maskini. Baba yake alikuwa mnywaji, na ndugu zake wakafuata njia hiyo. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi aliajiriwa kwa wafanyabiashara wa mvinyo na bia, akaanza kuonja mabaki. Alipofika miaka 16 alikuwa mlevi kamili. Baadaye akawa kibarua wa kuwabebea mafundi matofali, na mshahara wake wote ukaishia baa. Aliweka rehani hata viatu vyake. Siku moja yeye na wenzake walimwibia fidla mpiga muziki wa mtaani, wakaiuza ili wanywe.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alisimama nje ya baa bila senti, akitumaini wenzake aliowanunulia mara nyingi watamkaribisha. Walipita, hakuna aliyemwita. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama alimwonya asiiweke kama hana nia ya kuitimiza. Akaenda hadi Clonliffe, kwenye seminari ya Jimbo Kuu la Dublin, akabisha hodi. Padre alimpokea, akamwungamisha, naye akaahidi kutokunywa kwa miezi mitatu tu.

Miezi hiyo ilikuwa ya mateso. Leo madaktari wanatueleza sababu: mwili uliozoea pombe nyingi ukikatishwa ghafla hutetemeka, hukosa usingizi, na wengine hupata degedege linaloweza kuua. Kwa hiyo mlevi wa muda mrefu asiachwe aache peke yake chumbani; apelekwe hospitali.

Matt hakuzitegemea nguvu zake. Alihudhuria Misa kila alfajiri kabla ya kazi. Jioni, saa zilizokuwa za baa akazitumia kanisani. Aliacha kutembea na fedha mfukoni, ili hata akishawishika asiwe na cha kununulia. Miezi mitatu ikawa sita, kisha ikawa ahadi ya maisha yote. Akaacha na kiko cha tumbaku. Alilipa madeni yake, akamtafuta yule mpiga fidla bila kumpata, hivyo akatoa fedha ili Misa ziadhimishwe kwa ajili yake. Mwaka 1890 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Aliendelea kuwa kibarua, sasa kwenye ghala la mbao, na mshahara wake mdogo aligawana na maskini na wamisionari.

Tarehe 7 Juni 1925, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, alianguka njiani akienda Misa, akafariki. Moyo wake ulikuwa umeugua kwa muda. Alikuwa ameishi bila pombe miaka 41. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua fadhila zake za kishujaa.

Tunachojifunza ni hiki. Pombe huharibu ini na moyo, huchangia saratani, na gongo yenye methanoli hupofusha macho. Hayo tunayahubiri vizuri. Lakini Matt aliyajua madhara miaka mingi na bado alikunywa. Alichokikosa nje ya ile baa ni mtu wa kumpokea. Alimpata mlangoni pa seminari.

Sisi tunaojiandaa kuwa mapadre tujiulize: mlevi wa Itumba akibisha hodi kwetu jioni, ananuka gongo, tutamwambia arudi akishalevuka? Tumkaribishe, tumsindikize hospitali kesho yake, na tusimdai maisha yote siku ya kwanza. Tumwombe miezi mitatu, nasi tuwe naye kila siku ya miezi hiyo.