Robert Hooke: Bwana wa Springi na Boriti

Kila anayesoma fizikia hapa shuleni ameikariri kanuni ya Hooke, lakini ukimwuliza Hooke mwenyewe alikuwa nani, atakukodolea macho tu. Nimeamua kumwandika kwa sababu naona alipunjwa.

Robert Hooke alizaliwa mwaka wa 1635 katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Babake, aliyekuwa kasisi, alifariki mwaka wa 1648. Kijana akaenda London, akasoma shule ya Westminster, kisha Oxford. Mgongo wake ulikuwa na kibyongo. Mwenyewe alidai ulianza kupinda alipokuwa na miaka 16 hivi, kwa sababu ya kuinamia mashine ya kukereza mbao. (Umri wangu huo! Kuanzia leo nakaa wima darasani.) Mwaka wa 1662 chama cha wanasayansi wa London, Royal Society, kilimpa kazi ya kuwaonyesha majaribio mapya katika mikutano yao. Kazi ya punda hiyo, jamani.

Sasa tuje kwenye uhondo wenyewe. Mwaka wa 1676 Hooke aliichapisha kanuni yake kama kitendawili: herufi 14 zilizopangwa kialfabeti, basi, ili mtu asimwibie. Alikitegua mwaka wa 1678. Wengi hudhani alizungumzia springi pekee. La hasha! Alitaja pia kipande cha ubao mkavu, ncha moja imeshikiliwa imara, ncha ya pili inatundikwa mizigo. Mzigo ukiwa maradufu, ncha nayo hushuka maradufu. Tena aliona kwamba boriti kama hiyo ikipinda, nyuzi za mbao upande wa juu huvutika na za chini hubanwa. Galileo, aliyeandika kuhusu boriti mwaka wa 1638, alidhani zote zinavutwa!

Sisi wa kidato cha tatu tuliibana rula ya mita ukingoni mwa meza ya maabara, tukatundika mawe ya mizani. Gramu 100 zilishusha ncha sentimita 4, gramu 200 zikaishusha sentimita 8. Lakini kuna mpaka. Rafu ya mbao ikilemewa na vitabu miaka mingi, hubaki imebonyea hata ukivitoa vyote.

Baada ya moto mkubwa wa mwaka wa 1666, Hooke alikuwa miongoni mwa waliopima upya viwanja vya London. Kilichomponza ni ugomvi na Newton. Mwaka wa 1686 alidai sehemu ya sifa za kanuni ya uvutano, Newton akawaka, akapunguza kumtaja kitabuni mwake. Hooke alifariki Machi 1703, na mwaka huohuo Newton akawa rais wa Royal Society.

Hakuna picha ya Hooke iliyochorwa enzi zake ambayo wataalamu wote wanaikubali. Kwa hivyo mhariri asilaumiwe kwa kuchapa makala haya bila sura yake.