Ken Saro-Wiwa: Mwandishi aliyekwenda kitanzini kwa ajili ya mito iliyojaa mafuta

Katika ufuko wa Ushongo, wilayani Pangani, watu huitazama bahari kama mkulima wa bara anavyolitazama shamba lake. Ngalawa hutoka alfajiri na kurudi jua likiwa juu. Mbele yao kipo Maziwe, kisiwa ambacho zamani kilikuwa na miti na leo ni fungu la mchanga lionekanalo maji yakupwapo. Kasa wangali wakipanda hapo kutaga, na mayai yao huhamishiwa ufukweni Ushongo ili yasifunikwe na maji.

Kaskazini, kupita Jiji la Tanga, ndiko iliko Chongoleani. Hapo Agosti 2017 Rais John Magufuli na mwenzake wa Uganda, Yoweri Museveni, waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima. Mafuta hayo yamepangiwa kupakiwa melini papo hapo, katika bahari ileile wanayovua watu wa Tanga, Pangani na Pemba.

Tangu siku hiyo maswali ambayo watu wa pwani hii hawakuwa na sababu ya kuyauliza yamekuwa yao pia: mafuta yakimwagika, nani atayaondoa? Nani atamlipa mvuvi ambaye hana leseni kubwa wala wakili? Yupo Mwafrika mmoja aliyeyauliza mapema, akayauliza kwa sauti kubwa, na akanyongwa. Huyo ni Kenule Beeson Saro-Wiwa, mwandishi wa Nigeria, ambaye Novemba 10, 2025 ilitimia miaka 30 tangu auawe na serikali ya nchi yake.

Saro-Wiwa alizaliwa Oktoba 10, 1941 huko Bori, katika nchi ya Waogoni, pembezoni mwa delta ya Mto Niger. Waogoni ni kabila dogo, watu wapatao nusu milioni katika eneo la takriban kilometa za mraba 1,000. Walikuwa wakulima wa viazi vikuu na mihogo, na wavuvi wa vijito vilivyozungukwa na mikoko. Mtu wa Pangani angeitambua nchi hiyo mara moja: maji ya chumvi na maji baridi yakikutana, kaa, kamba na chaza kwenye mizizi ya mikoko, na kina mama wakiokota kitoweo maji yakishakupwa.

Mtoto huyo alikuwa na akili ya darasani. Alipata nafasi katika shule ya serikali ya Umuahia, kisha Chuo Kikuu cha Ibadan alikosoma fasihi ya Kiingereza. Vita vya Biafra vilipozuka mwaka 1967, aliuacha upande wa mashariki na kukimbilia Lagos, akajiunga na serikali ya shirikisho. Wengi wa mashariki hawakumsamehe kwa hilo. Serikali nayo ilimpa kazi ya kusimamia Bonny, bandari ya kisiwani ambako mafuta ghafi yalipakiwa melini. Hivyo, kabla hajawa mpinzani wa biashara ya mafuta, Saro-Wiwa alikuwa mlinzi wa lango lake.

Baadaye alikaa katika baraza la mawaziri la Jimbo la Rivers hadi alipoondolewa mwaka 1973. Akaingia katika biashara, akauza vyakula, akanunua nyumba, akawa mtu mwenye uwezo. Hakuwa maskini aliyelilia tumbo lake. Fedha hizo ndizo zilizompa uhuru wa kuandika na kuchapisha vitabu vyake mwenyewe.

Umaarufu ulimjia mwaka 1985. Mwaka huo ilitoka riwaya yake Sozaboy, simulizi ya kijana askari aliyeingia vitani bila kuelewa anapigania nini, iliyoandikwa kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa makusudi. Mwaka huohuo ulianza mchezo wake wa televisheni, Basi and Company, uliowachekesha Wanigeria kwa takriban miaka mitano. Inakadiriwa kuwa watu milioni 30 waliutazama. Walicheka habari za mtu wa mjini anayetaka utajiri bila kufanya kazi, na huenda wengi hawakutambua kuwa mwandishi alikuwa akiwacheka wao na nchi yao iliyolewa fedha za mafuta.

Wakati Wanigeria wakicheka, nchi ya Waogoni ilikuwa ikioza. Mafuta yaligunduliwa huko mwaka 1958. Mabomba yalipitishwa juu ya ardhi, katikati ya mashamba na karibu na milango ya nyumba, na gesi isiyotakiwa ilichomwa usiku na mchana. Mwaka 1970 kisima cha Bomu kililipuka na mafuta yakamwagika kwa wiki kadhaa. Wanakijiji waliandika barua za malalamiko. Majibu hayakulingana na hasara.

Bahari nayo haikusalimika. Januari 1980 kisima cha Funiwa, kilichokuwa baharini kilometa chache tu kutoka pwani ya delta, kilipasuka na kumwaga mamia ya maelfu ya mapipa. Mawimbi yaliyaleta mafuta hayo hadi kwenye mikoko. Mkoko huvuta hewa kwa vitundu vidogo vya mizizi inayochomoza juu ya tope. Mafuta yakivifunika, mti hukosa pumzi na kufa ukiwa umesimama. Ukifa, mazalia ya samaki na kamba hufa pamoja nao, na tope lililonywa mafuta huyatunza kwa miaka mingi, likiyaachia kidogo kidogo kila maji yajaapo.

Saro-Wiwa aliyaona hayo kwa miaka mingi kabla hajayafanya kuwa kazi yake. Tayari mwaka 1968 alikuwa ameandika kijitabu kuhusu hatima ya Waogoni. Lakini ni mwaka 1990 alipoiacha meza ya uandishi, kwa kiasi kikubwa, na kushirikiana na wazee wenzake kuanzisha Vuguvugu la Kunusuru Watu wa Ogoni, lililojulikana kwa kifupi kama MOSOP. Walitoa hati ya haki za Waogoni na kuipeleka kwa serikali ya kijeshi. Haikujibiwa. Mwaka 1992 aliipeleka hoja hiyo Geneva, mbele ya chombo cha Umoja wa Mataifa, na mwishoni mwa mwaka huo MOSOP ikayadai makampuni ya mafuta dola bilioni 10 za mrabaha na fidia, kwa notisi ya siku 30.

Siku zilipokwisha, Januari 4, 1993, Waogoni walitoka majumbani mwao. Inakadiriwa kuwa watu 300,000 waliandamana wakiwa na matawi mabichi mikononi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kabila zima. Wazee, wanafunzi, wavuvi na wauza samaki walitembea pamoja, na siku hiyo ikapita bila damu. Katika Afrika ya wakati huo, iliyozoea maandamano ya vyama na ya wanafunzi, watu wengi kiasi hicho kuandamana kwa ajili ya udongo na maji lilikuwa jambo geni. Mwaka huo kampuni ya Shell ilisitisha uchimbaji katika nchi ya Ogoni.

Serikali ya kijeshi haikulichukulia jambo hilo kwa wepesi, kwa kuwa hazina yake ilitegemea mafuta. Askari walipelekwa, vijiji vikavamiwa, watu wakauawa na maelfu wakakosa makazi. Saro-Wiwa alikamatwa zaidi ya mara moja. Vuguvugu lenyewe nalo lilipasuka. Wapo wazee waliopinga uamuzi wa kususia uchaguzi wa Juni 12, 1993, wakajitenga, na vijana wakawaita wasaliti. Ni haki kusema kwamba lugha ya uhasama ilikuwa imekwisha kuwa kali miongoni mwa Waogoni wenyewe, na kiongozi wao hakuweza, au hakuwahi, kuizima.

Mei 21, 1994, huko Giokoo, umati wa watu uliwashambulia na kuwaua wazee wanne: Edward Kobani, Albert Badey, na ndugu wawili wa ukoo wa Orage, Samuel na Theophilus. Kobani alikuwa rafiki wa Saro-Wiwa wa miaka mingi. Saro-Wiwa hakuwapo, siku hiyo askari walimzuia njiani na kumrudisha. Hata hivyo alikamatwa akituhumiwa kuchochea mauaji hayo.

Kesi yake haikusikilizwa katika mahakama ya kawaida bali katika baraza maalumu lililoundwa na utawala wa Jenerali Sani Abacha, ambalo uamuzi wake haukuwa na rufaa mbele ya mahakama ya juu. Mawakili wake, akiwamo Gani Fawehinmi, walijitoa wakisema hakuna haki ya kutetewa hapo. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka waliapa baadaye kuwa walihongwa. Akiwa gerezani dunia ilimtunuku: mwaka 1994 alipewa tuzo ya Right Livelihood ya Sweden, ileile ambayo Wangari Maathai wa Kenya aliipata mwaka 1984, na mwaka 1995 tuzo ya mazingira ya Goldman.

Hukumu ya kifo ilitolewa mwishoni mwa Oktoba 1995. Novemba 10 Saro-Wiwa alinyongwa katika gereza la Port Harcourt pamoja na wenzake wanane: Baribor Bera, Saturday Dobee, Nordu Eawo, Daniel Gbokoo, Barinem Kiobel, John Kpuinen, Paul Levura na Felix Nuate. Alikuwa na umri wa miaka 54.

Abacha aliichagua vibaya siku yake. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikuwa wakikutana Auckland, New Zealand, na Rais Nelson Mandela alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameamini kuwa diplomasia ya kimyakimya ingemwokoa mfungwa huyo. Siku iliyofuata Nigeria ilisimamishwa uanachama, na haikurudishwa hadi mwaka 1999, Abacha akiwa amekwisha kufariki.

Madai ya Waogoni hayakuzikwa naye. Mwaka 2009, kampuni ya Shell ilikubali huko New York kulipa dola milioni 15.5 kwa familia za wahanga, bila kukiri kosa. Agosti 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyoonesha kuwa katika eneo moja la Ogoni maji ya visima yalikuwa na kemikali ya benzini, isababishayo saratani, kwa kiwango kinachozidi mara 900 kile kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Ripoti ilikadiria kuwa kuisafisha nchi hiyo kungechukua miaka 25 hadi 30.

Kwa mvuvi, hata hivyo, habari yenye uzito zaidi ni ya Bodo, mji wa Waogoni uliozungukwa na vijito. Mwaka 2008 bomba lilivuja huko mara mbili na mikoko ikafa kwa maelfu ya ekari. Wavuvi na wakulima wapatao 15,600 walifungua madai London, na Januari 2015 wakakubaliana kulipwa pauni milioni 55. Kila mmoja alipata takriban pauni 2,200, miaka zaidi ya sita baada ya nyavu zake kuanza kutoka na lami.

Kwa upande wa pwani ya Tanzania upo mfuko wa kimataifa wa fidia, ambao nchi ni mwanachama wake, unaoweza kuwalipa wavuvi pindi meli ya mafuta inapomwaga shehena yake baharini. Mfuko huo haugusi mafuta yaliyovuja kutoka kisimani au katika bomba la nchi kavu; hayo hubaki mikononi mwa sheria za ndani na mikataba ya makampuni. Tena mdai hutakiwa kuthibitisha alichokuwa akikipata kabla ya ajali, na wavuvi wangapi wa ngalawa huandika samaki wao daftarini? Mkondo wa bahari katika pwani hiyo huelekea kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, ukiibeba taka kutoka Tanga kwenda upande wa Kenya, lakini majira ya kaskazi upepo huvisukuma vielea kusini, kuelekea Pangani na Ushongo.

Juni 12, 2025, Rais Bola Tinubu wa Nigeria alitangaza msamaha kwa Saro-Wiwa na wenzake wanane na kuwapa nishani za taifa. Waogoni wengi hawakuridhika. Hoja yao ni kwamba husamehewa mkosaji, na wao wanataka hukumu yenyewe ifutwe.

Mwili wa Saro-Wiwa haukukabidhiwa kwa familia baada ya kunyongwa. Walipomfanyia maziko katika nchi ya Ogoni, Aprili 2000, jeneza halikuwa na maiti. Ndani yake viliwekwa vitabu viwili alivyovipenda na kiko chake.