Mbegha: shujaa aliyeachwa na dosari zake

Kila kipindi chetu kinapogusa historia ya Usambara, jina la Mbegha halikosi kuzua ubishi. Wapo wasikilizaji wanaomwita mkombozi, na wapo wanaosema alikuwa mgeni mjanja aliyejipatia nchi kwa nyama ya nguruwe. Alikuwa nani hasa?

Mbegha alitoka milima ya Nguu. Wanahistoria humweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Masimulizi yanasema alikuwa kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Kwa mila ya wakati ule mtoto wa aina hiyo aliogopwa kuwa ataleta vifo. Wazazi wake walimlea hivyo hivyo, lakini walipofariki ndugu zake wakamnyima urithi.

Akahamia Kilindi, akawa rafiki wa mtoto wa mtawala, wakawinda pamoja. Siku moja nguruwe akamuua kijana yule. Mbegha hakurudi kumkabili baba wa marehemu. Alikimbia na wenzake na mbwa wake, akavuka mto Ruvu na kupanda milima yetu.

Huku alikuta wakulima wenye ndizi tele, lakini nguruwe wakiwaharibia mashamba. Akawaua nguruwe, akagawa nyama, naye akapewa vyakula vya shambani. Bumbuli walimpokea. Kisha watu wa Vugha wakamwita, na njiani usiku akaua simba. Ndipo akaitwa Simba Mwene, jina lililobaki kuwa cheo cha watawala wa Vugha. Alioa katika koo mbalimbali, na watoto wake wakakulia kwa wajomba zao na kutawala huko. Alipofariki, mwanawe Buge alishika nafasi yake.

Wanaomlaumu Mbegha wana hoja. Alikimbia msiba wa rafiki yake. Tena, utaratibu wa kugawa nchi kwa watoto ulikuja kuleta maafa: Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, wanawe na wajukuu walipigana kwa bunduki, na Wasambaa wengi wakauzwa utumwani. Wanaomtetea wanajibu kwamba yeye alilisha watu, na makosa ya wajukuu si yake.

Sisi tunaona jambo moja. Wazee wangeweza kufuta dosari hizo, lakini hawakufuta. Wasambaa hupima mtawala kwa maneno mawili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Hadithi ya Mbegha ilimkumbusha kila Simba Mwene kwamba babu yake alikuja akiwa mkimbizi, akapewa nchi kwa sababu alifaa watu.

Masimulizi haya yaliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwanza Magila, karibu na Muheza, na kutolewa tena mwaka 1962. Wapo wanaotunza nakala zake za zamani, mikuki ya mababu na picha za machifu. Ni jambo jema, lakini mkuki usio na maelezo huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kama unacho kitu kama hicho nyumbani, andika kilikuwa cha nani na kilitumika wapi. Na kama mzee anayekijua bado yupo, mrekodi kwa simu yako wiki hii.