Alan Turing na mashini isiyoweza kukagua mashini zote

Kwenye mkutano wetu mmoja pale Misisi, baba mmoja mchimbaji alisimama akauliza: hii mizani ya umeme ya wanunuzi wa dhahabu iko na programu ndani, tutajua namna gani kama haituibii? Hakuna mashini ingine ya kukagua programu zote, ituambie hii ni safi na hii ni ya mwizi? Watu walicheka. Mimi sikucheka, juu swali lile liko na jibu, na mtu aliyefungua njia yake alikufa tangu 1954.

Alan Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule India, watoto wakabaki Uingereza kulelewa na watu wengine. Ninyi mnaoachia bibi watoto Baraka na kupanda ku machimbo, munaelewa.

Wanasimulia juu ya baiskeli yake. Cheni ilikuwa inatoka kila mara. Yeye akahesabu mizunguko ya pedali, na mbele cheni haijaanguka, anasimama, anairudisha, anaendelea. Baiskeli ile aliijua mpaka mwisho. Lakini programu?

Mwaka wa 1936, akiwa kijana wa Cambridge, aliandika juu ya mashini ya kuwaza tu: utepe mrefu, na kichwa kinachosoma alama moja moja, kinafuta, kinaandika, kinasogea. Kompyuta ya leo, hata simu yako, inafuata wazo hilo. Halafu akaonyesha mpaka wake. Kwa maneno ya sasa ni hivi. Tuseme mtu analeta programu ya mkaguzi: unaipa programu yoyote, inasema hii itamaliza kazi ao hii itazunguka bila mwisho. Mimi namuchukua mkaguzi huyo, namuweka ndani ya programu yangu, namuuliza juu ya programu yangu yenyewe. Akisema itamaliza, inazunguka milele. Akisema haitamaliza, inasimama palepale. Kwa vyovyote amekosea. Kumbe mkaguzi wa programu zote hawezi kuwako, hata tumlipe namna gani.

Wakati wa vita alifanya kazi Bletchley Park, kuvunja siri za mashini ya Wadachi iliyoitwa Enigma. Kazi ya namna hiyo ilifika hata Afrika yetu: mwaka wa 1942 Waingereza waliweka kituo Kilindini, Mombasa, ndani ya shule, kufungua siri za Wajapani.

Kwangu, kazi yake nzuri zaidi ni ile ndogo ya 1949. Yeye aliyefunga mlango mkubwa alifungua mdogo. Programu moja, alisema, inaweza kukaguliwa kipande kwa kipande: mwenye kuiandika aseme pa kila kituo kitu gani ni kweli, na mwingine ahakikishe moja moja, kama tunavyogonga nguzo za shimo moja moja. Na kujua kama itamaliza, aonyeshe kitu kinachopungua kila mzunguko. Pompi inayopunguza maji ya shimo kila saa itafika chini. Ile ambayo maji yanarudi, tutangojea mpaka lini?

Nilimjibu baba yule: tuombe jiwe la uzito unaojulikana, lipimwe mbele ya wote kila asubuhi, na tena katikati ya siku. Hiyo haihakikishi programu nzima, lakini inakamata wizi mwingi.

Mwaka wa 1952 wezi waliingia nyumbani kwa Turing. Alienda kushitaki polisi, akatoka yeye mshitakiwa, juu ilijulikana anapendana na mwanaume, na sheria ya wakati ule ilikataza. (Kuingia ofisini na malalamiko na kutoka na kesi, wenzetu wengi wanajua njia hiyo.) Ili asifungwe alikubali kupigwa dawa za homoni. Alikufa kwa sumu ya sianidi tarehe 7 Juni 1954, akiwa na miaka 41. Msamaha wa malkia ulimfikia mwaka wa 2013.