Maloba: Mwana wa Mumias aliyeichongea Uganda sanamu ya uhuru

UGANDA ilipojinyakulia uhuru Oktoba 9, 1962, mnara wa kuadhimisha tukio hilo jijini Kampala ulitoka mikononi mwa mzaliwa wa Kenya. Huyo alikuwa Gregory Maloba wa Mumias, kaskazini mwa Kisumu.

Maloba alizaliwa mwaka 1922. Sanamu za kanisani alizoziona utotoni ndizo zilizomtia hamu ya kuchonga. Mapema katika miaka ya 1940 alifika Makerere kwa Bi Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa huko mwaka 1937. Hapo alichonga "Kifo", kinyago cha mti kilichomjengea jina. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alisoma Uingereza, kisha akarejea Makerere kufundisha.

Mnara wake wa saruji una urefu wa takriban mita 6. Hauna sura ya kiongozi yeyote. Ni mama aliyezongwa vitambaa mwilini mithili ya mateka, amemwinua mtoto ambaye naye amenyoosha mikono mbinguni. Mama ni koloni lililofungwa. Mtoto ni taifa jipya.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Milton Obote alipinduliwa mwaka 1971, Idi Amin akatimuliwa 1979, Obote akaangushwa tena 1985. Sanamu haikuwa ya yeyote kati yao, nayo ingali imesimama. Mwaka 2010 iliwekwa hata kwenye noti mpya za Uganda.

Katikati ya miaka ya 1960 Maloba alirejea nyumbani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hata hivyo, sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta aliyeketi, iliyozinduliwa mwaka 1973 katika uwanja wa KICC, mwendo mfupi kutoka chuoni hapo, ilichongwa na Mwingereza, James Butler.

Maloba aliaga dunia mwaka 2007. Februari mwaka uo huo, Nairobi ilizindua sanamu ya Dedan Kimathi, kazi ya Mkenya Kevin Oduor. Mwaka 2011 ikafuata ya Tom Mboya, mwana wa Rusinga, iliyochongwa na Oshoto Ondula, Mkenya pia.

Hatimaye Kenya imejifunza kuwaamini wachongaji wake. Lakini kijana wa Mumias anayetaka kuitazama kazi kuu ya Maloba bado hana budi kuvuka mpaka.